Gari moshi la zamani linasumbua? Soma hii kabla hujashika spana

Mtu mpya akikuja kujitolea kwetu hapa Nakuru siku ya Jumamosi, tunakofufua treni za zamani, kitu cha kwanza anaulizia ni spana. Anaona kichwa cha treni kimesimama pale yadi, kina kutu, bolti zimeshikana, na mikono inamuwasha kufungua kitu. Sisi tunampa kitambaa na tochi kwanza. Si kumdharau, ni juu tumeshafungua vitu vingi ambavyo havikuwa na shida yoyote, na vingine mpaka leo vinavuja mahali ambapo zamani havikuvuja.

Treni iliyo kazini inaharibiwa na kazi, beringi zinaisha, magurudumu yanakonda, hiyo inaeleweka. Lakini hizi zetu hazijavuta mzigo miaka na miaka. Zimeharibiwa na kukaa. Mvua imeingia, maji yamejificha chini ya oili, raba imekauka, nyigu wamejenga nyumba ya udongo ndani ya paipu. Kwa hivyo ukitafuta ugonjwa usianze kuuliza nini imeisha, uliza nini imekaa vibaya, na hapo utaona kazi inapungua. Hizi ndo shida tunakutana nazo sana, na wenzetu wanaofanya kazi hii Kisumu wakisoma watajaza zao, juu joto na unyevu wa kule ziwani una mambo yake.

Geji ya vakyumu haipandi vile kitabu kinasema

Haya mabehewa yetu ya zamani ni ya breki ya vakyumu. Yaani kichwa kinafyonza hewa kutoka kwa paipu inayopita chini ya treni yote, na hewa ikishatoka breki zinaachia. Ukiruhusu hewa irudi, breki zinashika. Ni mpango mzuri juu treni ikikatika katikati inajifunga yenyewe, lakini maana yake pia ni kwamba tundu dogo popote pale linakusumbua treni nzima.

Sasa sisi tulikuwa na geji inakwama inchi 18. Kitabu kinasema 21. Tukafungua ejekta, kile kifaa cha kichwa kinachofyonza hewa, tukasafisha, tukabadilisha gasketi, tukarudisha, 18. Jumamosi ya pili tukafungua tena. Akapita mzee mmoja dereva mstaafu, akaangalia geji, akatuangalia, akauliza, "Kwani hapa ni Mombasa?"

Tukanyamaza. Hakuna aliyekuwa amefikiria hiyo kitu. Vakyumu haivuti yenyewe, ni hewa ya nje ndio inasukuma, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Pwani uzito wa hewa yote ni kama inchi 30 za zebaki. Kisumu, mita kama 1,130 juu ya bahari, unabaki na inchi 26 hivi. Nakuru, mita 1,850 na kitu, ni 24. Ukipanda mpaka Mau Summit ambako reli inavuka zaidi ya mita 2,500 unabaki na 22 tu, na hizo ni zote, hata ungefyonza hewa yote ikaisha kabisa huwezi kupita hapo. Kwa hivyo ejekta ambayo pwani ingekupa 21 bila jasho inaweza kukomea 17 au 18 hapa na bado ni nzima kabisa. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati huo mahali penyewe pakiitwa Port Florence, na madereva wa zamani kama yule mzee waliijua hii hesabu kichwani. Sisi tulikuwa na simu za intaneti mfukoni na hatukujua.

Kwa hivyo kabla ya yote, jua uko mita ngapi. Halafu gonga geji kidogo na kidole, juu sindano ya zamani pia inakwama, na uangalie kama inarudi sufuri kukiwa hakuna vakyumu. Isiporudi sufuri, shida ni geji, si breki.

Geji inapanda poa halafu inarudi chini

Hapo ni kuvuja kweli. Pandisha vakyumu, funga ejekta, halafu shika saa uangalie inaanguka inchi ngapi kwa dakika moja. Andika kwa daftari. Namba yenyewe haina maana sana siku ya kwanza, maana yake inakuja wiki inayofuata ukiilinganisha.

Kutafuta tundu la vakyumu ni kazi ya kuudhi juu si kama paipu ya hewa ambapo unapaka sabuni na kuona mapovu. Hii inafyonza ndani, sabuni inaenda nayo tu. Dawa yetu ni koili ya mbu. Ile ya kijani ya kuzunguka, unaiwasha, unaishika karibu na kila kiungo na unaangalia moshi. Moshi ukipanda wima, hapo ni sawa. Ukipinda kuingia kwa kiungo kama uzi unavutwa, umepata. Fanya asubuhi mapema kabla upepo haujaanza na kabla makanga hawajaanza kelele, juu tundu kubwa utalisikia pia kwa sikio, linapiga mluzi mdogo.

Anza na kile kizibo cha mwisho wa treni, pale hosi ya behewa la mwisho inakaa. Usicheke, mara nyingi ni hapo, mtu aliitoa akairudisha vibaya. Halafu zile washa za raba kwenye vichwa vya hosi, zinakauka na kuwa ngumu kama ukwaju wa mwaka jana. Halafu hosi yenyewe: kwa macho ni nzima, lakini ikunje na mikono miwili na utaona nyufa zinafunguka kama mdomo wa samaki. Hosi ikifunguka hivyo usiifunge na tepu, itupe. Mwisho kabisa ndo silinda ya breki, ambayo ndani ina ringi ya raba inayobingirika pistoni ikipanda na kushuka. Silinda ikikaa miaka bila kusonga ile ringi inabonyea upande mmoja, na siku unaiamsha haibingiriki tena, inaburuta. Hiyo sasa ndo inahitaji spana.

Breki zimeshika na behewa halisogei

Juu ya silinda kuna vakyumu imebaki imefungiwa. Vuta ile kamba au fimbo ya kuachilia iliyo ubavuni, utasikia fyuuu, pistoni inashuka. Inatokea sana mkibadilisha kichwa, cha kwanza kilivuta 20 na cha pili kinavuta 17, ile tofauti inabaki kwa silinda na breki zinaburuta kidogo kidogo mpaka unanusa. Kamba zivutwe behewa kwa behewa kabla ya kuondoka. Kama umevuta na bado, angalia pini na vyuma vya kuunganisha chini, kutu imezishika. Mafuta ya taa, subira na nyundo ndogo, si ile kubwa.

Sanduku la akseli linapata moto

Hii ndo naiogopa kuliko zote kwa upande wa mabehewa, juu inaanza kimya. Mabehewa ya kitambo hayana beringi za goroli. Kwenye kila mwisho wa akseli kuna sanduku la chuma, ndani shingo ya akseli inazunguka chini ya kipande cha shaba kilichopakwa metali laini nyeupe, na chini yake pedi ya sufi inalamba oili na kuipaka kwenye shingo. Ni hiyo tu. Ikifanya kazi ni rahisi na inaenda miaka. Ikikosa oili, ile metali nyeupe inayeyuka na akseli inaweza kukatika.

Hata kama mnasogeza behewa mita mia mbili tu kwa yadi, baada ya kila safari pita na mgongo wa mkono, masanduku yote. Usiulize kama lina joto, jua la mchana linaweza kuyapasha yote, uliza ni lipi lina joto kuliko mwenzake.

Tulikuwa na behewa moja ambalo sanduku la kulia nyuma lilikuwa linachemka kila mara. Tukaongeza oili. Likachemka. Tukaongeza oili nzito zaidi, likachemka vilevile na sasa lilikuwa linamwaga pia. Mwishowe msichana mmoja mwanafunzi wa uhandisi, aliyekuja kwa wiki mbili tu, akachukua bomba la sindano la ng'ombe, akaweka kipaipu cha plastiki mbele, akafyonza kutoka chini kabisa ya sanduku na kumimina kwa chupa ya soda iliyo wazi. Tukaiacha juu ya benchi tukanywa chai. Kurudi, nusu ya chupa chini ni maji, oili imekaa juu. Pedi yetu ilikuwa imekalia maji, inalamba maji na kuyapaka kwa shingo kwa bidii kabisa, na sisi juu tunazidi kumimina oili ambayo haifiki.

Maji yalitoka wapi? Tukalaumu mvua wiki nzima. Kumbe ni sisi. Kabla ya wageni kuja tulikuwa tumekodisha mashine ya kuoshea magari, ile ya presha, tukaosha behewa likang'ara, na presha ikasukuma maji kupita kifuniko mpaka ndani. Tangu siku hiyo chini ya sakafu ya behewa hakuoshwi na presha, ni brashi na kitambaa. Ukiwa mnaanza, fyonzeni masanduku yote kwanza hata kabla hamjasogeza kitu, oili ikitoka nyeupe kama maziwa hiyo imeshachanganyika na maji, itoe yote na pedi uikamue au ubadilishe.

Kama hakuna maji na bado linachemka, basi inua behewa kwa jeki, weka mbao imara chini na kabari kwenye magurudumu mengine (mtu asiingize mkono wala kichwa mahali jeki peke yake ndo imeshika), toa beringi na uangalie shingo. Behewa lililokaa sehemu moja miaka linapata mstari wa kutu pale pedi ilikaukia. Pitisha ukucha. Ukucha ukiteleza, msasa laini sana na oili, uvutwe kuizunguka shingo kama mtu anayeng'arisha kiatu, usiende kwa urefu. Ukucha ukinasa, acha hapo, hiyo inataka mashine ya kukereza na nyinyi hamna.

Injekta inatema maji badala ya kuyaingiza kwa boila

Kabla ya hii, jambo moja ambalo halina mjadala. Boila isiwashwe moto kama haijakaguliwa na mkaguzi wa mitambo aliyeidhinishwa, ndivyo sheria ya usalama kazini ya 2007 inavyotaka, na hata kama sheria ingekuwa haipo mimi singesimama karibu nayo. Kuna wajanja watakuambia "tutawasha kidogo tu tuone". Hapana.

Haya. Injekta ni kifaa cha ajabu kidogo, inatumia mvuke wa boila kusukuma maji kuingia kwa boila hiyohiyo. Ikikataa, angalia inatema nini pale chini. Ikitema mvuke mtupu, maji hayafiki ama injekta yenyewe imeshapata moto sana. Mwagia maji baridi juu yake na ujaribu tena. Ikirudi kupata moto yenyewe bila kuwashwa, ile valvu ya kuzuia maji ya boila yasirudi haikai vizuri, kuna uchafu. Ikitema maji mengi tu, mvuke ni kidogo, presha bado haijafika ama valvu ya mvuke haijafunguka vizuri. Ikitema vyote viwili na kugugumia kama mtu amepaliwa, ama kuna hewa inaingia upande wa maji, kaza viungo vya hosi ya tangi, ama koni za ndani zimejaa gaga la chokaa. Na kabla hujagusa koni fungua chujio la tangi. Sisi tulikuta humo majani na nyigu, wenzetu wanaoteka maji ya ziwa wajitayarishe kukuta mizizi ya gugu maji.

Kingine, tangi lililokaa juani mchana wote maji yanakuwa vuguvugu na injekta nyingi hazipendi maji ya moto. Kisumu saa nane mchana hii peke yake inatosha kukuharibia siku.

Maji kwenye glasi hayachezi

Glasi ya maji ndo macho yako kwa boila. Maji ndani yake yanatakiwa kutikisika, kichwa kikisogea na yenyewe yanapanda kidogo na kushuka. Yakikaa kimya kama picha, usiyaamini. Fungua bomba dogo la chini maji yatoke yote, funga, yanatakiwa kuruka kurudi mara moja. Yakirudi polepole kama mzee anayepanda ngazi, njia imeziba. Jaribu upande mmoja mmoja: funga wa mvuke, fungua chini, maji yatoke kwa nguvu, halafu fungua wa mvuke ufunge wa maji, mvuke utoke kwa nguvu. Upande usiotoka ndo umeziba.

Na kama huoni maji kabisa kwa glasi na moto unawaka, usikimbilie kuongeza maji. Zima moto. Chuma cha juu ya sanduku la moto kikishakuwa wazi na chenye moto mwingi, maji baridi ndo yanaweza kukilipua. Ile plagi yenye madini ya risasi iko pale kuyeyuka ikuonye, lakini usiifanye iwe ndo njia yako ya kupima maji.

Bomba la moshi linatema maji, na glasi imejaa povu

Ni maji yenyewe. Visima vingi vya huku bondeni vina magadi, na boila ikiendelea kugeuza maji kuwa mvuke yale magadi yanabaki na kuzidi mpaka yanatoa povu kama ya omo. Povu likienda na mvuke mpaka kwa silinda ni hatari, juu maji hayabonyei, pistoni ikiyakuta inapasua kifuniko. Fungua mabomba ya kutolea maji ya silinda haraka, punguza mwendo, halafu toa maji kidogo kwa boila kutoka chini na uingize mapya. Maji ya mvua ya paa la mabati ni dawa nzuri kuliko kemikali mtu atakuuzia.

Moshi mweusi kama wa tairi

Vichwa vyetu vya mwisho vya mvuke vilichoma mafuta mazito, hata zile Garratt kubwa (vichwa vyenye seti mbili za injini chini ya boila moja) za daraja la 59, zilikuwa 34 zilizojengwa na Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, moja yao, 5918 Mount Gelai, unaweza kwenda kuiona Makumbusho ya Reli Nairobi. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Lakini usikimbilie kupunguza mafuta, kwanza uliza kama yamepashwa moto vya kutosha. Asubuhi ya baridi ya Nakuru mafuta mazito yanakuwa kama uji wa jana, hayapuliziki, yanadondoka tu na kutoa masizi. Yakipata moto na mvuke wa kupuliza ukitosha, moshi unakuwa wa kijivu hafifu, na hapo ndo pazuri. Masizi yakishajaa kwa mabomba ya boila, zamani walikuwa wanachota mchanga mkavu na kuuachia uvutwe na moto, unakwangua njiani. Inafanya kazi. Usifanye siku watu wameanika nguo upande huo.

Mlango wa behewa umekwama

Kila mtu anaanza na bawaba, anapiga randa, mlango unafunguka, na mwaka ujao umekwama tena. Bawaba haina makosa. Chukua bisibisi, piga magoti, choma mbao chini kabisa ya nguzo ya mlango. Ikiingia kama kwenye keki, hapo ndo shida, nguzo imeoza, ukuta umeshuka, mlango umebanwa.

Imeozaje na rangi ni mpya? Dirisha la mlango linashuka ndani ya mlango wenyewe, na maji ya mvua yanashuka nalo. Waliotengeneza walijua hivyo, wakaacha vitundu chini maji yatoke. Halafu miaka hamsini ya vumbi, na fundi wa rangi mmoja mwenye bidii akavijaza putty juu aliona ni mashimo. Kwa hivyo maji yanakaa. Zibua na waya kabla ya msimu wa mvua. Vya kwetu vilitoa vumbi, tikiti mbili na kifuniko cha soda.

Na ukigonga mbao ikasikika tupu lakini kavu, hiyo si maji, ni mchwa. Angalia chini kama kuna nyasi au mataruma ya zamani yameegemea behewa, hiyo ndo ngazi yao.

Gurudumu linagonga ama linalia vibaya

Tu-tu-tu inayoenda haraka ukienda haraka ni bapa, gurudumu liliburutwa breki ikiwa imeshika. Bapa dogo mnaishi nalo kwa yadi, kubwa linaenda kukerezwa.

Kupima ufa, gonga gurudumu na nyundo ndogo. Zima linalia kama kengele ya shule, lenye ufa au lililolegea linatoa bup. Ukisikia bup chora X na chaki behewa lisisogezwe. Lakini kabla hujachora, rudi uvute ile kamba ya breki ugonge tena. Sisi tulichora X kwa magurudumu manne siku moja, na yote manne yalikuwa mazima, breki ndo ilikuwa imeyashika.